Mbwa Asiyevuka Mfenesi

Chungu chake bado kipo chini ya mfenesi. Hakuna atakayekichukua, maana hapa kwetu Wingwi chungu kilicholambwa na mbwa hakirudi jikoni, hata ukikisugua mpaka kitoboke. Mvua ikinyesha hujaa maji, kuku wa jirani wakaja kunywa, nami huwafukuza kwa hasira isiyo na maana. Kuku hawana kosa. Lakini na mimi nina haki ya kuwa na chungu kimoja duniani ambacho sitaki kiguswe.

Sijui kama inafaa mtu mzima, mwenye wajukuu Unguja, kukaa akaandika habari za mbwa. Ndugu yangu anayeishi Madungu nilipomwambia kwenye simu kwamba mbwa wangu amekufa, aliuliza, "Na mama hajambo?" Nikamjibu mama hajambo, tukaendelea na habari za mvua. Simlaumu. Kwa watu wetu mbwa wa shamba ni kama jembe. Mpini ukivunjika utasikitika, lakini huweki matanga.

Na mimi sikuweka matanga. Ila huzuni nilikuwa nayo, na ilinichosha zaidi kwa kuwa sikuwa na mahali pa kuiweka.

Kwanza mumjue mama yangu. Mama ndiye muosha maiti wa wanawake wa upande wetu huu. Umri umekwenda, magoti hayamtii, na jikoni hajaingia kupika kwa miaka mingi; jiko aliniachia mimi baada ya mume wangu kufa nami nikarudi kukaa naye. Lakini ukija wito wa kwenda kuosha, huinuka kama msichana. Mimi ni mtia maji wake. Yeye huosha, mimi hushika kata na kumimina pale anaponionyesha kwa jicho. Hatusemezani kazini. Mtu ambaye amezeeka katika kuwasafisha watu kwa mara ya mwisho, fikirini wenyewe alimtazama vipi mbwa.

Mbwa huyo alikuja mwenyewe, wakati wa masika, mwaka ambao tumbili walinimalizia muhogo. Tumbili wa kwetu hawamwogopi mwanamke. Nikipiga debe wananitazama. Nikirusha jiwe wanalinusa kuona kama linaliwa. Siku hiyo nimekaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, nimekata tamaa, nikamwona anakuja kwa njia ya ng'ombe: dume jembamba, rangi ya udongo mwekundu, sikio moja limepasuka. Akalala mpakani mwa shamba. Nikamfukuza, akasogea. Nikamfukuza tena, akasogea tena, ila kila akisogea alikuwa anaingia ndani ya shamba. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya tatu tumbili waliposhuka aliwatimua hadi wakapotelea mikarafuuni, akarudi ulimi nje na kulala chini ya dungu langu kana kwamba tulishapatana kazi.

Nikaenda kumwambia mama, nikijua nitakachoambiwa.

"Mbwa wa shamba hana ubaya," mama alisema, nami nikashangaa. "Dini yenyewe imemruhusu. Lakini nsikilize weye. Asivuke mfenesi. Jina usimpe, ukimpa jina utamwita, ukimwita atakuja, akija ataingia ndani. Na mkono wako usimguse, mana mkono huo ndio unaontilia maji mie."

Mfenesi wenyewe upo kati ya shamba na nyumba. Upande wa huku ni ua wetu, jiko na baraza. Upande wa kule ni muhogo na ndizi. Nikaweka chungu chake chini ya mti huo, upande wa kule, na asubuhi na jioni nikawa namtilia ukoko, vichwa vya dagaa na mabaki ya uji, nikimwaga kutoka juu ili kisinirukie kitu. Jina sikumpa. Nilimwita "Wee", basi. Na kwa kuwa mama naye huniita "Weye", akipaza sauti barazani tulikuwa tunageuka wawili.

Miaka yote aliyoishi kwetu sikumgusa. Nalisema hili kwa watu wa mbali wanaolala na mbwa vitandani, wasije wakadhani ulikuwa ukatili. Tulielewana. Nikienda shamba alitangulia, akifika penye njia panda alisimama kuniangalia. Nikikaa juu ya dungu, yeye alilala chini yake, na mimi nikawa nazungumza. Nilimweleza habari za marehemu mume wangu ambazo sikumweleza mtu: kwamba alikuwa na dharau kidogo, kwamba hata hivyo namkumbuka, kwamba wakati mwingine nakumbuka dharau ile ile na kuitamani. Hayo huwezi kumwambia mwanamke mwenzio. Kabla ya adhuhuri yatakuwa yamefika Kiuyu.

Siku moja, mwanzoni kabisa, alifurahi kuniona asubuhi baada ya mvua, akatikisa mkia uliorowa, ukanipiga kwenye kanga. Nilipiga ukelele. Nikaivua kanga nikaiosha kama tulivyofunzwa kwenye chuo cha Kurani tangu udogoni, mara saba, mojawapo kwa udongo. Alisimama kwa mbali akiniangalia nikisugua. Tangu siku ile akija kunipokea alijipinda, kichwa kwangu, mkia kule. Hakuna aliyemfundisha. Nilimpenda tangu siku hiyo, na sioni sababu ya kutafuta neno jingine.

Hapo chuoni tulifunzwa pia kwamba mkavu kwa mkavu hapana najisi. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hukuchafuka. Nililijua hilo, mama alilijua, kila mtu kijijini analijua. Lakini hakuna anayemgusa. Sheria imetupa uwanja mpana nasi tumejibana pembeni kwa tahadhari, na tahadhari ikikaa sana huwa mila.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipoanza, aliacha kumaliza chakula. Nikadhani amekula panya mahali. Kisha tumbili wakashuka, na yeye akainua kichwa tu, akawatazama, akakilaza tena. Nilimgombeza. Nilimwambia amekuwa bwana mkubwa sasa, anataka nimletee na mto. Akatikisa mkia mara moja, akiupeleka kando nisije nikaguswa.

Mama alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Akamtazama kwa mbali, mkono juu ya macho.

"Anaumwa huyo," akasema. "Mwite bwana mifugo."

Bwana mifugo wa kwetu ni kijana mpole, huja na pikipiki yake kuchoma ng'ombe sindano. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nilipomwonyesha mbwa hakucheka, na hilo sitamsahaulia.

"Mama, ana kupe?" aliuliza.

Mimi nina ng'ombe wawili. Kila jioni huwapapasa mwili mzima, chini ya mkia, kwenye chuchu, ndani ya masikio, nikiwatoa kupe kwa kucha zangu. Hakuna kupe anayelala juu ya ng'ombe wangu. Lakini mbwa sikuwahi kumpapasa. Sikujua. Nilijua mbwa yule anavyokohoa, anavyoota, anavyokasirika. Kilichokuwa chini ya manyoya yake sikukijua.

Bwana mifugo akavaa glovu, akaligeuza sikio lile zima. Ndani yake kupe walikuwa wamejazana, wamevimba, kijivu, kama mbegu za mbono. Shingoni vivyo hivyo, katikati ya vidole vya miguu vivyo hivyo. Akafunua mdomo, akanionyesha fizi. Zilikuwa nyeupe kama nyama ya nazi.

"Homa ya kupe," akasema. "Imeshamla damu. Tungewatoa mapema…" Akaniangalia usoni.

Akamchoma sindano, akawang'oa kupe mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Akanipa vidonge. Kwa kuwa mbwa hali, alisema, hapana haja ya kuvitia kwenye chakula. "Umfunue mdomo, umsukumie kidonge nyuma ya ulimi kwa kidole chako, umshike koo mpaka ameze. Asubuhi na jioni."

Pikipiki ikaondoka. Nikabaki na pakiti ya vidonge mkononi, mbwa mbele yangu, na mama barazani nyuma yangu. Sikugeuka kumwangalia. Nilijua kwamba nikigeuka nitaomba ruhusa, na nikiomba ruhusa atalazimika kujibu.

Nikachutama. Kwanza nikamwekea mkono juu ya kichwa, mkavu kwa mkavu. Manyoya yalikuwa laini kuliko nilivyodhani, na chini yake pa moto. Akashtuka. Kisha akafanya jambo ambalo silisahau: akajaribu kujipinda, kuuondoa mkia wake nisije nikachafuka, naye hana nguvu. Nikamwambia, "Acha, acha, basi." Nikamfunua mdomo, nikaingiza kidole. Ulimi wake ulikuwa mzito. Akameza, akanilamba kiganja, na mimi nikauacha mkono wangu palepale.

Kisha nikaenda nyuma ya nyumba na ndoo, nikaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Jioni tena. Kesho yake tena. Nilitenga nguo moja ya kazi hiyo na kuianika mbali. Sikuona kwamba kuna ugomvi kati ya kumshika na kuosha. Dini haikuniambia usimtibu; iliniambia ukimaliza ujitoharishe. Nilifanya yote mawili kwa ukamilifu, na mikono ikaanza kupasuka kwa udongo na maji.

Jirani yangu, huyo mwenye kuku, alinikuta nasugua. "Ee bibi weye," akacheka, "mgonjwa wako kakugeuza mfinyanzi!" Nikacheka naye. Kisha akaongeza, akiwa anaondoka, "Ila mikono hiyo usije ukatutilia maji nayo, tafadhali." Ulikuwa utani. Lakini kuna utani ambao mtu huutupa kama ndoana, aone kitakachonasa. Niliumia, na sikumwambia mama.

Kwa siku chache nilidhani atapona. Alikunywa maji ya wali, akainuka akazunguka mfenesi upande wake. Niliwatoa kupe waliokuwa wamesalia, nikampapasa kama ninavyowapapasa ng'ombe, na yeye akafumba macho. Halafu pua ikaanza kutoka damu.

Asubuhi moja baada ya alfajiri tukasikia hodi. Alikuwa jirani huyo huyo, kanga kichwani, macho yamevimba. Mama yake mzazi, ambaye alikuwa akiumwa siku nyingi, amefariki. Alikuja kumwomba mama aende akamwoshe. Akasema maneno yake kwa adabu, na alipomaliza macho yake yakashuka mpaka kwenye mikono yangu.

Mama akayaona. "Mikono ya mwanangu," akasema, akitafuta fimbo yake, "imeoshwa kuliko yako na yangu. Twende zetu."

Nikaoga, nikavaa nguo safi. Mbwa alikuwa chini ya mfenesi. Kwenda kwa jirani njia ya karibu inapita pale pale, lakini nilijua kwamba nikimpitia nitachutama, nami nimeshajitoharisha kwa ajili ya maiti ya watu. Nikamshika mama mkono tukazungukia upande wa pili wa nyumba. Nilipogeuka nilimwona ameinua kichwa, sikio lile lililopasuka limesimama, akingoja nipite.

Tulimwosha bibi yule vizuri. Mama alimgeuza kwa upole, kulia kisha kushoto, nami nikamimina pale jicho lake lilipoelekea. Mikono yangu iliyopasuka iliungua kwa kafuri. Nilifikiri jambo nikiwa na kata mkononi, nikaona aibu kulifikiri mbele ya maiti, lakini lilikuja lenyewe: mtu akifa huoshwa yeye; mbwa akifa huoshwa aliyemshika. Nje, kilio kilikuwa kimeanza. Jirani alilia kwanza, peke yake, ndipo wengine wakapokea. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kila mwanamke aliyefika alimpa mkono akamwambia, "Makiwa." Majirani walikuwa wamekwishawasha moto wao na kubeba masufuria, kwa sababu nyumba yenye msiba moto wake hauwashwi na wenyewe. Aliyefiwa hukalishwa, huletewa. Nilimtazama amekaa kwenye mkeka, ameshikwa bega huku na huku, nikamwonea huruma ya kweli, na chini ya huruma hiyo nikamwonea wivu.

Maiti ikazikwa baada ya adhuhuri. Mimi na mama tukarudi alasiri, taratibu, kwa njia ya karibu. Chini ya mfenesi hapakuwa na mbwa. Chungu kilikuwepo, maji hayajanywewa.

Alikuwa amevuka. Alama zake zilionekana kwenye udongo uliorowa, zinakwenda kidogo, zinaonyesha alipolala, zinakwenda tena. Zilipita uani, zikapita jikoni, zikaishia chini ya baraza, pale ninapoacha kandambili zangu za shamba. Alikuwa amelala hapo, pua juu ya kandambili moja, tayari amepoa. Mkia ameuweka nyuma, mbali na viatu.

Nikasimama. Nilingoja mama aseme kitu. Kwa miaka yote ile alikuwa ameweka amri tatu, na sasa zote zimevunjika, au tuseme mbili na nusu. Maana jina hakuwa nalo hata akifa, ila lile "Wee" tu.

"Kavuka," mama akasema.

Mbwa wa kwetu akifa hufungwa kamba ya mguu akaburutwa porini. Nilikwenda kuchukua jembe. Nikachimba upande wa kule wa mfenesi, karibu na chungu, nikachimba kwenda chini kuliko ilivyohitajika kwa sababu nilitaka kuchoka. Nikamzoa kwa mikono, kifuani, nikambeba mpaka pale. Alikuwa mwepesi. Nikamlaza ubavu, nikamfukia, na nilipomaliza kusawazisha tuta nikajikuta nimekaa chini nalia kwa sauti, mwanamke mzima, mchana, jirani kuna msiba. Nilijua wakinisikia watadhani namlilia bibi wa watu. Sikujali. Niliyalilia masikio ambayo sikuyatazama, na njia ndefu niliyozunguka asubuhi ile.

Nilipoinua uso, mama alikuwa amesimama mbele yangu. Fimbo imeegemezwa mtini, ndoo ya maji chini, kata mkononi. Sijui aliibeba vipi ndoo ile.

"Lete mikono," akasema.

Nikainyosha. Mama akamimina, nami nikasugua. Alihesabu kwa sauti ya chini, sauti ile ile ninayoijua, na macho yake yaliniongoza pa kusugua: viganja, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko. Zamu ya udongo ilipofika, aliinama kwa taabu, magoti yakimlia, akachota udongo mkavu pale ambapo sikuwa nimechimba, akaniwekea kiganjani mwenyewe. Akamimina mpaka mara ya saba. Kisha akaufuta mkono wangu mmoja kwa ncha ya kanga yake, polepole, akapitisha kidole kwenye nyufa za ngozi, kama mtu anayetafuta kupe.

Jioni ilikuwa inaingia, na nikakumbuka kwamba mama hajala tangu asubuhi. Nikainuka, nikajipangusa, nikaelekea jikoni kuwasha moto.

Akanitangulia. Akashika kizingiti cha jiko kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akanionyesha baraza.

"Kakae," akasema. "Mfiwa hapiki."

Nikakaa. Nilimsikia ndani anatafuta kibiriti mahali ambapo hakipo tena.